Hisa za kampuni ndogo na fahirisi zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wawekezaji wa Tanga

Kikundi chetu cha kuweka na kuwekeza hukutana Ngamiani kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mimi ndiye mshika daftari. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila mgeni anapojiunga. Nimeyapa namba ili pale jibu moja linapogusa jingine nikuelekeze badala ya kurudia. Mimi si dalali wala sina hisa za kukuuzia. Ninaandika kwa sababu nimeona fedha za watu wazima, zilizochumwa kwa jasho, zikiwekwa mahali ambapo mwenyewe hakuuliza atatokaje.

## Mambo ya mwanzo

1. Kampuni ndogo ni ipi hasa?

Ukubwa unaozungumzwa hapa si wa majengo wala wa idadi ya wafanyakazi. Ni thamani ya hisa zote za kampuni kwa bei ya sokoni: idadi ya hisa mara bei ya hisa moja. Hiyo ndiyo huitwa mtaji wa soko. Kampuni yenye hisa milioni 100 zinazouzwa shilingi 400 ina mtaji wa soko wa shilingi bilioni 40, iwe ina kiwanda kinachoonekana tangu barabarani au ina ofisi ya vyumba viwili.

Mpaka kati ya ndogo na kubwa hutegemea soko lenyewe. Marekani wamezoea kuita ndogo kampuni yenye mtaji wa soko wa kati ya dola milioni 300 na dola bilioni 2. Kwa kipimo hicho, kampuni nyingi mno za Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), zikiwemo zile sisi tunazoziita kubwa, zingewekwa kundi la ndogo. Kwa hiyo ukisikia neno hili, uliza kwanza: ndogo ya wapi?

Jambo jingine linalochanganya wengi ni bei ya hisa. Hisa ya shilingi 150 si lazima iwe ya kampuni ndogo kuliko hisa ya shilingi 5,000. Bei peke yake haisemi chochote mpaka ujue hisa ni ngapi.

2. Fahirisi ya hisa ni nini?

Ukimuuliza mchuuzi wa Mgandini asubuhi "Soko likoje leo?", hakutajii bei ya nyanya peke yake. Anakupa hali ya jumla: limechangamka, limepoa, mboga zimepanda. Fahirisi hufanya kazi hiyo kwa namba. Inachukua hisa za kampuni zilizochaguliwa kwa kanuni, inajumlisha thamani zake, kisha inaonyesha jumla hiyo imepanda au imeshuka kiasi gani tangu siku ya kuanzia.

Fahirisi ya kampuni ndogo ni hiyo hiyo, ila kanuni yake huziacha nje zile kubwa. Sababu ni kwamba katika fahirisi ya jumla, kampuni tano au sita kubwa huweza kuficha kila kinachotokea huku chini.

Fahirisi yenyewe hainunuliwi, kwa kuwa ni kipimo tu. Kinachonunuliwa ni hisa zenyewe, au vipande vya mfuko unaoifuata, yaani fedha za watu wengi zilizokusanywa kununua hisa zilizomo (tazama swali la 14).

3. Inahesabiwaje?

Chukua soko la kampuni mbili. Ya kwanza ina mtaji wa soko wa bilioni 40, ya pili bilioni 10. Jumla bilioni 50, na siku hiyo ya kwanza tunaiita 100. Kesho bei ya hisa za kampuni ya pili ikaongezeka maradufu: sasa ni 40 na 20, jumla 60, fahirisi inasoma 120. Lakini kama ni ile ya kwanza iliyoongezeka maradufu, tunapata 80 na 10, jumla 90, na fahirisi inaruka hadi 180. Kampuni zote mbili zimefanya jambo lile lile, ila uzito wake haulingani.

Fahirisi nyingi kubwa duniani huongeza sharti moja: huhesabu hisa zinazoweza kununuliwa na umma tu. Hisa zilizoshikwa na kampuni mama au na serikali, ambazo haziuzwi, huachwa nje ya hesabu. Sharti hili lina maana kubwa kwa kampuni ndogo, maana nyingi zina mmiliki mmoja mwenye sehemu kubwa (mfano wa hapa Tanga uko swali la 9).

4. Zipi zinazotajwa sana?

Russell 2000 ya Marekani ndiyo inayosikika zaidi. Ilianzishwa mwaka 1984 na kampuni ya Frank Russell. Utaratibu wake ni mwepesi: panga kampuni 3,000 za Marekani kwa ukubwa, toa 1,000 za juu, zinazobaki ndizo hizo. Ya pili ni S&P SmallCap 600, iliyoanza mwaka 1994. Uingereza kuna FTSE SmallCap, India kuna Nifty Smallcap 250, na kwa nchi zilizoendelea kwa pamoja kuna MSCI World Small Cap.

5. Russell 2000 na S&P 600 zote ni za kampuni ndogo za Marekani. Kwa nini matokeo hayafanani?

Kwa sababu mlango wa kuingilia si mmoja. S&P 600 ina kamati, na kampuni haiingii mpaka iwe imepata faida: robo mwaka ya karibuni iwe na faida, na jumla ya robo nne za mwisho iwe na faida pia. Russell 2000 haiulizi faida kabisa. Ukitimiza ukubwa na masharti ya kawaida, umeingia. Ndiyo maana ndani yake mara nyingi utakuta theluthi moja ya kampuni au zaidi zikiwa zinapata hasara. Kwa kipindi kirefu S&P 600 imeizidi Russell 2000, na wachambuzi wengi huitaja sababu hii ya faida mbele ya nyingine.

Tofauti ya pili ni ratiba. Kwa miaka mingi Russell ilipangwa upya mara moja tu kwa mwaka, mwezi Juni. Kampuni iliyokua katikati ya mwaka ilibaki humo hadi Juni ifike. Super Micro Computer ilipanda kiasi cha kuingizwa kwenye S&P 500, fahirisi ya kampuni kubwa, mwezi Machi 2024, na bado ilikuwa imo ndani ya Russell 2000 mpaka mwezi Juni. Aliyedhani anafuata kampuni ndogo peke yake alikuwa amebeba kampuni iliyokwisha kuwa kubwa.

Mimi, nikiulizwa nichague kanuni, nachagua ile inayouliza faida. Duka la mtaani likikopa kila mwezi kulipa pango hulikopeshi kwa kuwa tu ni dogo.

## Faida na hatari

6. Ni kweli kampuni ndogo huleta faida kubwa kuliko kubwa?

Swali hili lina jibu la zamani na jibu la karibuni, na anayekuuzia hisa atakupa la zamani.

Mwaka 1981 mtafiti Rolf Banz alichapisha uchunguzi wa hisa za soko la New York kuanzia mwaka 1926 hadi 1975. Alikuta kampuni ndogo zilileta mapato makubwa kuliko kubwa, hata baada ya kuhesabu hatari kwa kipimo kilichotumika wakati ule. Miaka ya 1990 Eugene Fama na Kenneth French wakaingiza ukubwa wa kampuni katika kanuni yao maarufu ya kueleza mapato ya hisa. Tangu hapo ikawa kama methali: ndogo hukua haraka.

Baada ya utafiti wa Banz kujulikana, tofauti ile ilipungua sana Marekani, na kwa vipindi virefu ikatoweka. Kampuni kubwa za teknolojia zimeziacha ndogo mbali katika miaka ya karibuni. Wengine walikuta sehemu kubwa ya faida ile ya ziada ilikuwa ya mwezi wa Januari tu. Wengine wakaonyesha kwamba ukiondoa kampuni dhaifu zisizo na faida, zile ndogo zinazobaki bado zina nguvu, jambo linaloafikiana na swali la 5.

Lakini kuna maelezo moja ninayoyaona mazito kuliko yote kwa mtu wa soko letu. Sehemu ya faida ya ziada ya kampuni ndogo ni malipo ya usumbufu. Hisa zake haziuziki kwa urahisi, kwa hiyo mnunuzi hudai bei nafuu kabla hajakubali kuzishika. Maana yake faida hiyo ni ya mtu anayeweza kungoja. Ukilazimika kuuza kwa haraka, ni wewe unayempa mwenzako ile bei nafuu.

7. Zinaweza kushuka kiasi gani?

Russell 2000, gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa) likiwa ndani ya hesabu, ilipanda takriban asilimia 47 mwaka 2003, ikashuka karibu asilimia 34 mwaka 2008, na ikashuka tena takriban asilimia 20 mwaka 2022. Hiyo ni fahirisi yenye kampuni karibu 2,000 ndani yake. Kampuni moja moja huweza kwisha kabisa.

Kumbuka pia hesabu ya kurudi. Shilingi 100,000 ikishuka asilimia 50 inabaki 50,000. Ili irudi ilipokuwa lazima ipande asilimia 100, siyo 50.

Kampuni ndogo huumia zaidi uchumi ukikaza kwa sababu zinazoeleweka: hukopa kwa riba kubwa zaidi, nyingi zinategemea wateja wachache au bidhaa moja, na hazina akiba ya kuvukia miaka miwili mibaya.

## Soko la Dar es Salaam na sisi wa Tanga

8. DSE ina fahirisi ya kampuni ndogo?

Fahirisi ambazo DSE hutangaza kila siku ni DSEI ya kampuni zote, TSI ya kampuni za ndani peke yake (inaziacha nje zile za Kenya zilizoorodheshwa pande zote mbili, kama KCB na Jubilee), na fahirisi za sekta: viwanda, benki na fedha, na huduma za biashara. Hakuna iliyotengwa kwa kampuni ndogo.

Kuna dirisha la kampuni changa, liitwalo EGM, lililofunguliwa mwaka 2013. Masharti yake ya kuingia ni mepesi kuliko ya soko kuu. Ya kwanza kuingia ilikuwa Maendeleo Bank, Novemba 2013, hisa zikiwa zimeuzwa kwa umma shilingi 500. Zikafuata nyingine, miongoni mwake Mkombozi, Mwalimu, Mucoba na Yetu. Angalia orodha hiyo vizuri: karibu zote ni benki. Kwa hiyo hata mtu angechora fahirisi ya EGM kwa mkono wake, asingepata picha ya biashara ndogo za Tanzania. Angepata picha ya benki ndogo.

Wengi wanauliza kama wanaweza kununua hisa za Tanga Fresh, maana maziwa yake yapo kila duka. Tanga Fresh haijaorodheshwa sokoni.

9. Tanga Cement je? Hiyo ni yetu.

Kiwanda cha Pongwe, wenye saruji ya Simba, kiko kwenye soko la DSE tangu mwaka 2002. Ni mfano mzuri wa kujifunzia kwa sababu mbili.

Kwanza, hisa zinazozunguka. Kwa miaka mingi AfriSam ya Afrika Kusini ilishika asilimia 68.33. Ukiondoa hizo, na ukiondoa zilizoshikwa na taasisi zisizouza, kinachobaki kwa wewe na mimi kugombania ni kidogo. Mtaji wa soko unaoandikwa kwenye taarifa ni wa hisa zote, lakini kisima unachochotea ni kile kidogo.

Pili, mmiliki mkubwa akiuza, wewe unaburuzwa. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kampuni ya kundi la Heidelberg, ambalo lilikuwa tayari na Twiga Cement, lingenunua sehemu ile ya AfriSam. Shauri likafika Baraza la Ushindani, ununuzi ukazuiwa, shauri likarudi tena, na hatimaye mwaka 2024 umiliki ukaishia kwa kundi la Amsons la hapa nchini. Katika muda wote huo bei ilisogezwa na habari za mahakamani na za maofisini kuliko idadi ya mifuko iliyouzwa. Walionunua mapema wakangoja walivuna. Lakini hakuna aliyekuwa na uhakika kesi itaishia wapi, na asikudanganye mtu kwamba alijua.

10. Hatifungani ya Tanga UWASA nayo ni uwekezaji katika kampuni ndogo?

Hapana. Ile ni deni. Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji ilitangaza kukopa shilingi bilioni 53.12 kwa umma kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Aliyenunua anajua mapema atapokea kiasi gani na lini. Mwenye hisa hajui. Ninaitaja kwa sababu watu huja na laki tano wakitaka "kitu cha Tanga" na wanaweka hisa na hatifungani kapu moja. Kama fedha hiyo ina kazi maalumu ndani ya miaka michache, yafaa usome kwanza habari za hatifungani na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS kabla ya kugusa kampuni ndogo.

## Kuingia na kutoka

11. Nikitaka kuuza, nitauza siku hiyo hiyo?

Mji wetu una msemo wake: waja leo waondoka leo, na wangapi walikuja wasiondoke. Tunauimba kwa wageni wanaonogewa na Tanga. Kwa hisa ndogo msemo huo una sura nyingine, na ningependa usome jibu hili hata ukiacha mengine yote.

Mwezi wa Novemba 2019 nilitaka kuuza hisa 2,000 za kampuni moja ndogo nilizokuwa nazo kwa miaka mitatu. Fedha nilizitaka Januari kwa ada ya shule. Kwenye taarifa ya soko bei ilikuwa nzuri, juu ya niliyonunulia, na nilikwisha kuipigia hesabu daftarini. Dalali akanifungulia ukurasa wa oda, yaani maombi ya kununua na kuuza yanayosubiri. Upande wa wauzaji kulikuwa na mistari sita, maelfu ya hisa. Upande wa wanunuzi kulikuwa na mstari mmoja tu, hisa 40. Nilikaa nikiutazama ule mstari. Ile bei iliyoandikwa kwenye taarifa ilikuwa ya muamala wa wiki kadhaa nyuma, wa mtu mwingine, na hakuna aliyekuwa tayari kunilipa mimi kiasi hicho.

Niliuza zile 40. Wiki mbili baadaye zikaenda 110. Nikashusha bei, nikashusha tena, nikashusha mara ya tatu. Hisa za mwisho ziliondoka mwezi Mei. Ada nililipa kwa mkopo wa kikundi.

Kampuni yenyewe haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inafanya biashara yake. Kosa langu lilikuwa kuchukua bei ya taarifa kama fedha iliyoko mfukoni. Tangu siku hiyo, kabla ya kununua hisa yoyote ndogo, naomba kuona mambo mawili: oda za wanunuzi zilizopo sasa, na idadi ya hisa zilizobadilishana mikono katika miezi mitatu iliyopita. Kama kwa miezi mitatu zimeuzwa hisa 900 na mimi nataka 5,000, najua mlango ni mwembamba kiasi gani.

12. Gharama na kodi zikoje?

Kwa miamala midogo, ada ya dalali ikijumlishwa na tozo za soko, za mamlaka ya masoko ya mitaji na za hazina ya hati (inayotunza kumbukumbu za nani ana hisa ngapi), huja takriban asilimia 2 ya thamani wakati wa kununua, na kiasi kama hicho wakati wa kuuza. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, wakati la kampuni isiyoorodheshwa hukatwa asilimia 10. Mkazi akiuza hisa za DSE kwa faida, faida hiyo imesamehewa kodi ya ongezeko la mtaji.

Gharama kubwa zaidi haimo kwenye risiti. Ni pengo kati ya bei ya muuzaji na bei ya mnunuzi. Tuseme muuzaji anataka 560 na mnunuzi anatoa 480. Ukinunua hisa 1,000 kwa 560, pamoja na asilimia 2, umetoa shilingi 571,200. Ukilazimika kuuza wiki hiyo kwa 480, baada ya asilimia 2 unapokea 470,400. Zimekwenda shilingi 100,800, zaidi ya asilimia 17, na kwenye fahirisi hakuna kilichotikisika. Ndiyo maana oda ya hisa ndogo lazima iwe na bei uliyoitaja mwenyewe. Usimwambie dalali "ninunulie kwa bei iliyopo."

13. Naanzaje nikiwa Tanga, bila kusafiri Dar?

Unahitaji akaunti ya CDS, ambamo hisa zako huandikwa kwa jina lako. Unaifungua kupitia dalali aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, au kwa simu kupitia programu ya DSE Hisa Kiganjani, ambayo pia hutumika kuweka oda. Kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki viwe tayari, na majina yafanane herufi kwa herufi. Hapa wengi wetu tunakwama: kitambulisho kinasema Mwanahamisi, benki inasema Mwanakhamis. Rekebisha hilo kwanza.

14. Naweza kununua mfuko unaofuata Russell 2000?

Mifuko hiyo ipo. Ule mashuhuri zaidi ni iShares Russell 2000, ulioanza mwaka 2000 na unaouzwa sokoni New York kama hisa yoyote. Shida ni njia. Kanuni za fedha za kigeni zinamruhusu mkazi wa Tanzania kuwekeza ndani ya Afrika Mashariki na SADC kwa urahisi kuliko nje ya hapo, na kwa nje kuna masharti ya Benki Kuu. Nenda benki yako au kwa dalali mwenye leseni, uliza utaratibu wa sasa, na uombe jibu kwa maandishi.

Fikiria pia sarafu. Ukinunua kwa dola, unashika vitu viwili: hisa za Marekani na dola yenyewe. Shilingi ikiimarika, faida yako inaweza kuliwa hata kama fahirisi imepanda.

Mtu akikupigia simu au kukutumia ujumbe wa WhatsApp akisema ana "mfuko wa Russell" wa kulipa kila wiki, tafuta jina lake kwenye orodha ya CMSA. Kama halimo, usitume hata shilingi elfu kumi ya kujaribia.

## Maswali magumu

15. Fahirisi imepanda lakini hisa yangu haijasogea kwa mwaka mzima. Kwa nini?

Huenda haijauzwa. Bei ya hisa hubadilika pale tu muamala unapofanyika. Hili haliwapati wadogo peke yao: hisa ya TBL, kampuni kubwa kabisa, ilikaa shilingi 10,900 kwa miaka. Bei isiyosogea humpa mtu utulivu wa uongo. Anaiona kama ngome, kumbe ni saa iliyosimama. Ikija kuanza tena kutembea, inaweza kuruka mbali kwa siku moja, juu au chini.

16. Je, ni halali kwetu Waislamu?

Swali hili ni la haki na linaulizwa karibu kila mkutano. Kumiliki sehemu ya biashara ya halali hakuna ubishi mkubwa. Mjadala huanzia kwenye kazi ya kampuni na kiasi cha riba kinachoingia ndani yake. Duniani kuna fahirisi zinazochuja hayo, na Dow Jones Islamic Market ya mwaka 1999 ni miongoni mwa za mwanzo: huziacha kampuni za pombe, kamari na benki za riba, na pia zile zenye madeni makubwa kupita kiwango. Kwa DSE mchujo huo ni mgumu upande wa kampuni ndogo, kwa sababu niliyoieleza swali la 8: nyingi ni benki. Hukumu muulize shehe unayemwamini, na umpelekee hesabu za kampuni, siyo jina tu.

17. Kampuni ndogo ikisimamishwa, hisa zangu zinakuwaje?

Zinabaki jina lako, lakini huwezi kuziuza. Yetu Microfinance Bank ilikuwa imeorodheshwa EGM, na Desemba 2022 Benki Kuu ikaiweka chini ya usimamizi wake. Benki ikifika hapo, wenye amana hutazamwa kwanza na wenye hisa hukaa mwisho wa foleni. Kinachobaki baada ya wadai wote kulipwa ndicho chao, na mara nyingi hakibaki.

Kwa sababu hiyo kikundi chetu kimejiwekea kikomo: fedha za pamoja zisizidi moja ya kumi katika kampuni ndogo zote kwa jumla. Wengine watasema ni woga. Mimi nilikuwepo tulipopiga kura, na niliinua mkono.

18. Mzee wetu amefariki, tumekuta makaratasi ya hisa kabatini. Tufanye nini?

Msiyatupe na msigawane kwa mdomo. Anzeni na mirathi mahakamani ili msimamizi ateuliwe. Msimamizi apeleke barua ya uteuzi, cheti cha kifo na yale makaratasi kwa dalali, ambaye atawasiliana na hazina ya hati, CSDR, ili ijulikane hisa ni ngapi na ziko akaunti ipi. Kila mrithi atahitaji akaunti yake ya CDS kabla ya hisa kuhamishwa. Ulizeni pia magawio ambayo hayakuchukuliwa, hasa kama namba ya benki ya marehemu ilibadilika.

Na kama hisa hizo ni za kampuni ndogo, msikubaliane kuziuza zote ili mgawane fedha kwa tarehe fulani. Gawaneni hisa zenyewe, kila mtu atauza kwa wakati wake. Sababu iko swali la 11.